Kuchungulia matumbawe Tanga: anza na mwezi, miwani itafuata

Mi nimezaliwa Tanga mjini, nimekula pweza na changu maisha yangu yote, lakini hadi natimiza miaka ishirini na tatu nilikua sijawahi kuona tumbawe likiwa hai. Nilichokua nakijua ni yale mawe yenye matundu yaliojengewa kuta za zamani, nenda magofu ya Tongoni utayaona mengi tu, na yale yanayochomwa kupata chokaa. Siku naweka uso majini kisiwani Maziwe kwa mara ya kwanza ndo nikaelewa kwamba lile "jiwe" ni mnyama, tena ni wanyama wadogo wadogo maelfu wamekaa pamoja na kila mmoja ana mdomo wake.

Kinachoniuma ni kwamba watu wetu wengi wanachanga hela, wanakodi boti, wanafika kule, wanapiga picha kwenye mchanga, alafu wanajaribu miwani ya majini dakika tano, maji yanaingia puani, wanashtuka, basi siku imeisha, wanakaa chini ya turubai la boti mpaka muda wa kurudi. Na chini yao mita mbili tu pale kuna mambo ambayo watu wanatoka Ujerumani kuja kuyaona. Sio kwamba hawawezi, hamna mtu aliewaambia mambo manne matano kabla hawajaondoka nyumbani. Ndo naandika hapa, na naandika kwa mtu ambaye hata kuogelea hajui vizuri.

Kabla ya kuuliza bei ya boti angalia mwezi. Wazee wetu wote wanajua hii ila sisi wa mjini tumeisahau. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo kuna bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana, na katikati hapo mwezi ukiwa nusu kuna maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa inakua ndogo. Kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Maana yake ni nini, kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa lote, kwa hiyo ukienda bamvua ukafika saa tatu unalikuta limeshaanza kutoka, una pa kukanyaga, una pa kupumzika, na maji ya pembeni ni mafupi. Ukienda bila kuangalia unaweza kufika ukaoneshwa bahari tu ukaambiwa kisiwa kipo hapo chini.

Ila bamvua ina ubaya wake, mkondo unakua mkali. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa sita, na maji yanakimbia zaidi saa la tatu na la nne, hapo katikati. Saa la kwanza na la mwisho yanakwenda polepole, na kuna muda yanasimama kabisa. Huo muda wa kusimama ndo wa kwako. Muulize nahodha swali moja tu, "mzee, leo maji yanasimama saa ngapi?" Akikujibu bila kufikiria, huyo panda nae. Mzee aliyenipeleka mi mara ya pili aliangalia tu ule mstari wa majani kwenye mchanga akaniambia, "saa tano kasoro mwanangu, we jiandae sasa hivi usinisubirishe maji." Na kweli.

Kuhusu msimu, mi napenda kuanzia mwezi wa kumi kwenda mpaka wa pili. Kwenye matlai, pale upepo wa kusi umeisha na wa kaskazi haujashika vizuri, bahari inalala kama kioo na unaona chini mbali. Kusi ikipiga, mwezi wa sita wa saba, mawimbi yanakua makubwa nje na mchanga unavurugika. Masika ndo usihangaike kabisa, Mto Pangani na Mto Zigi inashusha tope lote la mashamba baharini, utalipa hela uone uji. Kaskazi yenyewe ni nzuri lakini mchana upepo unaongezeka, kwa hiyo ondokeni asubuhi na mrudi kabla haujashika.

Sasa wapi. Ukiwa mjini sehemu ya kujifunzia ni Raskazone, maji yakiwa yamejaa, lakini usitegemee kuona cha ajabu, maji ya ghuba yetu hayaonyeshi mbali, bandari iko pale na mito inaingia. Toten ni kisiwa kizuri kwa historia, kuna magofu ya misikiti na makaburi, sio cha matumbawe. Ukitaka matumbawe unatoka nje ya ghuba, upande wa kusini kuna Yambe na Karange, ila huko nenda na mvuvi anaejua miamba yake kwa jina. Na kumbuka eneo kubwa la bahari ya Tanga ni hifadhi tangu 2009, ile Hifadhi ya Silikanti, kwa hiyo ulizia mapema ada ya hifadhi kama iko ndani ya bei ya boti au unalipia pembeni. Huyo silikanti mwenyewe usiende ukimtafuta jamani, watu huwa wananiuliza. Ni samaki ambaye wataalamu walidhani alishatoweka zama za madubwana wa kale mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na huku kwetu alianza kuingia kwenye majarife ya wavuvi wa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini anakaa chini sana, mita mia na zaidi, kwenye mapango ya giza. Wewe na miwani yako unaishia mita tatu nne.

Kwa anaeanza mi nasema Maziwe. Unakwenda Pangani, unavuka mto, unafika Ushongo, kutoka pale ni kama kilometa nane baharini. Ni hifadhi tangu 1975. Zamani kilikua kisiwa kamili chenye mivinje, kasa wanakuja kutaga kwa wingi, alafu miti ikakatwa, mchanga ukaanza kuliwa na maji, mwanzoni mwa miaka ya themanini ikabaki hiyo fungu tupu. Kasa bado wanapanda kutaga pale, na mayai yakiachwa maji yakijaa yanaharibika, kwa hiyo watu wa Ushongo wanayahamishia ufukweni kwao mpaka yaanguliwe. Ukibahatika siku ya kuachia vifaranga kaa uone, usikimbilie boti.

Vifaa. Miwani ndo kila kitu, nisikilize hapa. Mara ya kwanza nilikodi sehemu moja, raba imekauka imepasuka, kila dakika inajaa maji, nikatumia saa zima kupambana na miwani badala ya kuangalia. Jaribu hivi kabla hujalipa: iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta pumzi ndani kwa pua, achia mkono. Ikibaki imeganda usoni ni ya kwako. Ikidondoka chukua nyingine, usiambiwe "kaza mkanda itakaa", mkanda ukikazwa sana ndo inavuja zaidi. Nywele zisipite chini ya raba hata unywele mmoja, wenye rasta na vilemba wasogeze nyuma vizuri, na wenye masharubu mazito paka mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo. Miwani mpya ina utando kwenye kioo, isugue ndani kwa dawa ya meno uisuuze, la sivyo itafanya ukungu siku nzima. Ikishazoea, mate yanatosha, tema ndani, paka kwa kidole, suuza kidogo kwa maji ya bahari, vaa. Zile zinazofunika uso mzima mi sizipendi, huwezi kubana pua ukitaka kuzibua masikio, na ukipata shida kuivua kwa haraka sio rahisi.

Mrija wa kupumulia hauna mambo mengi. Ung'ate vile vipande viwili kwa meno bila nguvu, midomo ifunge kwa nje. Mapezi ya kuvaa miguuni yawe yanabana kama kiatu kizuri, yakilegea yatakuchubua kisigino ndani ya nusu saa.

Nguo: dada zangu, dera na baibui hapana, sio kwa ajili ya maneno ya watu ila kwa sababu vitambaa vile vinajaa maji vinakufunga miguu na kukuvuta chini. Legingi na fulana ya mikono mirefu inayobana, na hijabu ya kuogelea au skafu iliyofungwa kwa nyuma, inatosha kabisa na unastirika. Hata wanaume vaeni fulana ya mikono mirefu, kule mgongo uko juu ya maji masaa mawili na jua la saa sita unaungua bila kusikia. Fulana pia inakupunguzia kujipaka losheni za jua, maana baadhi zina kemikali zinazodhuru matumbawe.

Na jaketi la kujiokoa. Hesabu kwenye boti kama yapo ya watu wote kabla hamjasukuma. Usiejua kuogelea unavaa na unaingia nalo majini, tena ni raha, linakushikilia juu we unaangalia tu chini.

Haya, sasa somo lenyewe, na ndo sehemu watu wanairuka. Usianzie kwenye kina. Simama maji ya kiunoni, mchanga mtupu chini, hamna jiwe. Vaa miwani na mrija, inama, weka uso majini ukiwa bado umesimama. Utahisi kifua kinakataa, mwili haujazoea kupumua huku uso uko majini, hiyo inampata kila mtu. Usiinuke. Vuta kwa mdomo taratibu, toa taratibu, na pale kwenye kutoa ndo uchelewe zaidi. Hesabu pumzi ishirini. Mara ya kumi hivi utasikia mabega yanashuka yenyewe. Hapo sasa nyoosha miguu nyuma, lala, acha mikono ielee. Usifanye kitu. Maji ya chumvi yanakubeba, kinachomzamisha mtu ni kule kupigapiga.

Alafu jifunze kutoa maji kwenye mrija. Zamisha ncha yake makusudi ujae, puliza kwa nguvu mara moja, "fuuu", kama unazima kibatari cha mbali. Alafu vuta pumzi kidogo kidogo ujaribu kama kuna yaliobaki, puliza tena. Miwani ikiingia maji, inua uso juu, fungua kidogo upande wa chini yatoke, funga. Fanya hivi mara tano sita mpaka usiwaze. Ukiweza haya mawili hautaogopa tena, kwa sababu kinachotisha watu ni maji kuingia na kutokujua cha kufanya, na wewe sasa unajua.

Nenda wawili wawili. Hili sibishani na mtu. Mwambie mwenzio mnaangaliana kila dakika chache, na anzeni kuelekea upande mkondo unakotokea, ili mkichoka uwarudishe kwenye boti. Ukiona unapiga mapezi na jiwe la chini halisogei, mkondo umekushinda, usishindane nao, kata kwa ubavu au inua mkono boti ikufuate.

Mkishafika juu ya mwamba, kosa kubwa ni kuzunguka. Watu wanaogelea huku na huku wanataka waone kila kitu, na samaki wanawakimbia, wanarudi wanasema "nimeona samaki samaki tu". We chagua tumbawe moja kubwa, kaa juu yake umetulia dakika tano, pumua. Kwanza utasikia sauti, kakaraka kakaraka kama mtu anatafuna bisi, sehemu yake ni pono wanakwangua mwamba kwa meno yao yaliofanana na mdomo wa kasuku, wanakula mwani, na mawe wanayomeza yanatoka nyuma yakiwa mchanga. Ule mchanga mweupe unaoukanyaga, sehemu yake imepitia tumboni mwa pono. Alafu samaki wanaoitwa vipepeo wanarudi, wawili wawili. Kangaja, chewa mdogo kwenye kivuli.

Mi siku moja nilikua nimetulia hivo juu ya tumbawe la duara, naangalia tundu moja ambalo mbele yake kulikua na maganda ya kaa na kombe yamerundikwa kama jalala la mama ntilie. Hamna kitu. Nikakaa. Baada ya muda jiwe la pembeni likapepesa. Lilikua jicho, lina mstari mweusi umelala kama tundu la kutumbukizia sarafu, na lilikua linaniangalia muda wote. Ngozi yake ilikua na manundu kama lile jiwe, rangi ile ile, alafu wakati naangalia manundu yakalala, akawa laini, akapauka, wekundu ukapita mwilini kama kivuli cha wingu, akajivuta ndani mkono mmoja mmoja. Pweza nimemla mara ngapi kwenye maisha yangu, kwa nazi, wa kukaanga, supu ya barabarani. Sikujua kama anaweza kukutazama hivyo.

Sasa miguu. Usisimame juu ya matumbawe, hata kidogo, hata kurekebisha miwani. Yale yenye matawi kama pembe yanavunjika kama biskuti, na yale ya duara kama ubongo yanakua milimeta chache tu kwa mwaka, lile unaloliona kubwa kama pipa huenda babu yake babu yako alikua hajazaliwa lilipoanza. Na yameshateseka. 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya ukanda wetu yakawa meupe na kufa, kwa sababu joto likizidi yanatoa nje ule mwani mdogo unaoishi ndani yao na kuwapa chakula, na ndo unaowapa rangi pia. Na kabla na baada ya hapo tulikua na uvuvi wa baruti, Tanga tulijulikana vibaya kwa hilo, sehemu nyingine utapita juu yake utaona ni kifusi kitupu cha vijiti vilivyovunjika. Baruti imepungua sana miaka hii, lakini ukisikia mlipuko ukiwa majini panda botini hapo hapo, mlipuko majini unaumiza hata ukiwa mbali kiasi. Kama miwani inasumbua, lala chali, rekebisha huku unaelea. Na mwambie nahodha asitupe nanga juu ya mwamba, atupe kwenye mchanga au ajifunge kwenye boya kama lipo.

Kuna sababu nyingine ya kutokukanyaga. Yale madude ya duara meusi yenye miba mirefu yamejaa kwenye mianya, mwiba unaingia na kukatikia ndani. Watu wa pwani wanapaka utomvu wa papai bichi, toa unaoweza kutoa na usichimbechimbe kwa sindano chafu. Samaki-jiwe ni habari nyingine, anafanana kabisa na jiwe na miba yake ya mgongoni ina sumu kali: ukichomwa zamisha mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, saa zima na zaidi, huku mnakimbilia hospitali. Maji hayo mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, wewe kwa maumivu yale hutajua kama yanakuunguza. Samaki taa wanalala mchangani wamejifukia, kwa hiyo ukitembea majini buruza miguu wakusikie waondoke. Na konokono wale wazuri wenye umbo la koni usiwaokote, kuna wenye sumu ya kuua, wala usiweke mfukoni kombe lolote, hifadhini ni kosa.

Ukishazoea utatamani kuzama kidogo kwa pumzi yako. Sawa, lakini usivute pumzi haraka haraka nyingi kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa, hiyo inakuondolea ile hamu ya kupumua na unaweza kuzimia chini bila onyo. Pumzi mbili tatu za kawaida tu. Na masikio, ukishuka mita moja tu bana pua upulize taratibu mpaka yazibuke, endelea kila mita. Yakiuma panda. Mwenye mafua asizame.

Kuzamia na mtungi wa hewa ni hatua nyingine na usifundishwe na rafiki. Nenda kwa watu wenye mwalimu mwenye cheti, wanakuanzisha kwenye maji mafupi, mara ya kwanza hamzidi mita 12 na mwalimu anakushika, na ukimaliza kozi ya mwanzo kikomo chako ni mita 18. Sheria ya kwanza ni usizuie pumzi kamwe. Juu hapa tuna presha moja, mita 10 chini inakua mara mbili, kwa hiyo hewa uliyoivuta mita 10 ukipanda nayo umefunga mdomo inataka kuwa mara mbili ndani ya mapafu yako, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ya pili, panda polepole, mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka, ili gesi ya naitrojeni iliyoingia kwenye damu itoke bila kutengeneza mapovu. Pwani yetu wapo vijana waliozamia jongoo bahari kwa mitungi bila mafunzo, wakapanda haraka, leo miguu haifanyi kazi. Na kama unarudi Dar kwa ndege usipange siku hiyo hiyo, subiri masaa 18 au lala siku moja zaidi, au panda basi tu.

Mkitoka majini kunyweni maji, chumvi inakausha. Dondosha kichwa upande mmoja maji ya sikioni yatoke, usichokonoe. Ukichubuliwa na tumbawe osha kwa maji safi na sabuni ukifika, hata kama ni kamstari tu, vidonda vile vinachelewa kupona vikiachwa. Miwani, mrija na mapezi suuza kwa maji baridi ya bomba, anika kivulini, jua ndo linaua ile raba. Yangu ina miaka sita na bado inaganda usoni bila mkanda.